UDHALILISHAJI WA WATOTO NA KUTELEKEZWA KWAO: YANAYOPASA KUFAHAMIKA NA PAHALA PA KUPELEKA SHAURI

Wananchi wote wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali katika mawizara, mikoa, wilaya na shehia, wanaarifiwa kwamba maelezo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya kila mwenye mtoto, kila mwenye kulea mtoto wa mwenzake, na kila ambaye kazi yake humkutanisha na watoto. Maelezo haya hayakukusudiwa kumtisha mtu wala kuingilia siri za nyumba ya mtu. Yamekusudiwa kuonesha udhalilishaji ni nini, utelekezaji ni nini, kwa nini mashauri mengi ya namna hii hufa njiani kabla ya kutolewa hukumu, na mtu aende wapi siku ambayo jambo hilo limemfika mtoto wake au mtoto wa jirani.

Zanzibar haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 katika mwaka 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto katika mwaka 2003. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, ambayo inamtambua kuwa ni mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Zilifuatia Sheria ya Ushahidi ya 2016, Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018, na katika mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kusikiliza makosa ya udhalilishaji. Sheria, basi, zipo. Upungufu uko baina ya mlango wa nyumba na mlango wa kituo cha Polisi, na jina la upungufu huo kila Mzanzibari analijua: ni muhali.

Habari za muhali zitaelezwa mbele. Kwanza inafaa maneno yenyewe yafahamike.

MAANA YA UDHALILISHAJI

Neno udhalilishaji, kama linavyotumika hapa Visiwani, lina mapana yake. Watu wengi wanapolisikia hufikiri ubakaji tu. Ukweli ni kwamba linakusanya kila tendo la makusudi linalomdhuru mtoto mwili wake, heshima yake au akili yake, na pia kila tendo la lazima ambalo mlezi ameacha kulitenda hata mtoto akadhurika. Kumchoma mtoto kwa moto kwa sababu kaiba shilingi mia mbili ni udhalilishaji. Kumwita "mwana wa haramu" mbele ya wenzake kila siku ni udhalilishaji. Kumshika mwili wake kwa matamanio, kumwonesha picha chafu katika simu, kumtuma usiku katika nyumba ya mtu asiyejulikana mwenendo wake, yote yamo.

Liko suala la bakora, nalo halikwepeki, maana wapo wazazi na walimu wanaodai kwamba Serikali imewanyang'anya haki ya kutia adabu. Sheria ya Mtoto ya 2011 haikumkataza mzazi kumrudi mwanawe. Iliyoyasema ni kwamba marudi hayo yasifikie kumdhuru mtoto mwili wala akili. Mtoto aliyetoka alama za waya mgongoni, aliyevimba mkono, au aliyefungwa kamba mnazini mpaka magharibi hakurudiwa, amedhuriwa. Watu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali ni njema, lakini imesema kukunja, haikusema kuvunja.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 Tanzania Bara na Zanzibar na ripoti yake kutolewa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24 yaliyowafika kabla ya kutimia miaka 18. Kwa Zanzibar, zaidi ya wasichana 6 katika kila 10, na wavulana wapatao 7 katika kila 10, walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili. Hiyo ni sehemu kubwa ya kizazi kizima, na kila mtu mzima anayesoma ukurasa huu huenda naye ni miongoni mwa waliopigwa. Ndiyo maana ni vigumu kuliona jambo hili kuwa ni kosa.

Uchunguzi huo huo ulitoa jengine ambalo liliwashangaza wengi. Katika udhalilishaji wa kijinsia, ambao unaingiza kushikwashikwa na majaribio ya kulazimishwa pamoja na tendo lenyewe, Zanzibar ilionekana kuwa na asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana. Yaani wavulana ni wengi kuliko wasichana. Mzazi wa hapa humchunga mtoto wa kike kama yai, akamwacha wa kiume atembee apendavyo, alale kwa marafiki, aende dago na wavuvi watu wazima, abaki chuoni au kwenye tuisheni mpaka usiku, kwa fikra kwamba mwanamme hapati neno. Hupata. Tena akipata, hunyamaza zaidi kuliko msichana, kwa kuwa anaogopa atakavyoitwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba mdhalilishaji mara nyingi si mgeni. Mtoto hufundishwa kumwogopa mtu asiyemjua, ilhali anayemdhuru huwa ni baba wa kambo, mjomba, binamu, jirani mwenye duka, kijana wa bodaboda anayempeleka skuli kila asubuhi, au mwalimu aliyeaminiwa na wazazi wote wa mtaa. Huanza kwa wema: peremende, urojo, kupandishwa baiskeli, kuazimwa simu. Kisha huja siri ndogo, "usimwambie mama", na mtoto akiitunza ile ndogo huwa amefunzwa kuitunza kubwa. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba nyumbani kwao hapana siri baina ya mtoto na mtu mzima asiyejulikana nayo mama au baba, amemkinga zaidi ya anayemfungia mlango.

KUTELEKEZWA

Utelekezaji hauna damu wala kelele, na kwa hivyo haufikishwi popote. Mtu hashitakiwi na majirani kwa alilokosa kulitenda. Hata hivyo madhara yake huenda yakawa mazito kuliko ya fimbo, kwa sababu hudumu kwa miaka.

Mtoto aliyetelekezwa ni yule ambaye mwenye wajibu naye, huku ana uwezo au anaweza kuupata msaada, hampi chakula, mavazi, matibabu, elimu, uangalizi na mapenzi anayostahiki. Maneno "huku ana uwezo" yana uzito wake. Ufakiri si utelekezaji. Mama anayelala na wanawe kwa muhogo wa chumvi kwa kuwa hana chengine hajamtelekeza mtu. Huyo anahitaji kusaidiwa, si kushitakiwa, na ofisa yeyote anayemtazama kwa jicho la kosa amekosea kazi yake. Baba aliyetoa talaka, akaoa mke mwengine mtaa wa pili, akanunua pikipiki mpya, na mwanawe wa mke wa kwanza amerudishwa skuli kwa kukosa sare, huyo ametelekeza, hata kama kila Ijumaa humpa mtoto mia tano mbele ya msikiti.

Talaka, khasa, ndiyo mlango mkubwa wa utelekezaji hapa kwetu. Wazazi wakiachana, mtoto hubaki kwa bibi, na bibi ni mzee. Baba huona wajibu wake umekwisha pamoja na ndoa. Mama akiolewa tena, mume mpya hataki mtoto wa mwenzake ndani. Mtoto huyo hajafukuzwa na mtu, lakini hana anayemuuliza amekula nini, amelala wapi, ana homa tangu lini. Kwa dini na kwa sheria, matunzo ya mtoto hayakatiki kwa talaka. Wazazi hukaa eda na ndoa zao; mtoto hana eda.

Iko pia desturi njema ya kupeana watoto kulea, ambayo imewasomesha Wapemba wengi mjini Unguja na imewapa wazee wengi msaada. Desturi hiyo si kosa. Huwa kosa pale mtoto aliyeletwa kwa ajili ya kusoma anageuzwa mtumishi wa ndani, anaamka alfajiri kufua na kuchota maji, watoto wa nyumba wanakwenda skuli naye anabaki na sufuria. Mzazi aliyemtoa mwanawe kwa kulelewa anabaki kuwa mzazi, na anatakiwa awe na habari zake: asikie sauti yake mwenyewe kwa simu, si ya mwenyeji wake tu, na aende amwone.

Mambo ya msimu nayo yana hukumu yake. Wakati wa karafuu, watoto wa Pemba huacha skuli kwa wiki nzima, wengine wakaparamia mikarafuu mirefu ambayo imewavunja watu wazima. Wakati wa bamvua, akinamama wa vijiji vya pwani hushuka kwenye mwani maji yanapokupwa, na mtoto mchanga akaachiwa dada yake wa miaka saba karibu na kisima kisicho mfuniko. Hapana anayedai kwamba familia iache karafuu au mwani. Linalotakiwa ni kwamba mtu mzima mmoja abakie na watoto, hata ikiwa ni kwa zamu baina ya nyumba tano, na kwamba mtoto asipande mti kwa kuchuma mali ya watu wazima wala asitolewe darasani kwa sababu hiyo.

DALILI

Dalili si ushahidi. Mtoto anaweza kukojoa kitandani kwa maradhi, akanyamaza kwa msiba, akaanguka masomo kwa sababu haoni ubao. Lakini dalili zikikusanyika, au mtoto akibadilika ghafla, mtu mzima anatakiwa asimame aangalie. Alama za kupigwa zilizo katika hatua mbalimbali za kupona. Maelezo ya jeraha yanayobadilika kila yakiulizwa. Mtoto anayetetemeka akisikia hatua za mtu fulani au anayekataa ghafla kwenda chuoni au kwa jamaa aliyekuwa akimpenda. Maumivu anapokaa au anapokwenda haja. Maneno au michezo ya mambo ya kikubwa isiyolingana na umri wake. Zawadi na fedha zisizojulikana zilikotoka. Njaa ya kila siku, nguo za wiki nzima, jeraha bichi lisilotibiwa. Kwa msichana mkubwa, dalili ya mwisho ni mimba, na ikifika hapo wengi walikwisha kuona dalili za awali wakanyamaza.

Mtoto akiamua kusema, hutokea mara moja, na namna atakavyopokewa mara hiyo ndiyo itakayoamua kama atasema tena. Asikatizwe, asitukanwe, asiulizwe "kwa nini ulikwenda". Aachwe aseme kwa maneno yake. Asiahidiwe kwamba habari haitafika kokote, kwa sababu ahadi hiyo haiwezi kutimizwa. Aambiwe kwamba amefanya vyema kusema na kwamba kosa si lake. Baada ya hapo asihojiwe tena na shangazi, kisha bibi, kisha imamu, kisha mwalimu mkuu: kila anayemrudisha katika maelezo hayo humuumiza upya, na maelezo yaliyorudiwa mara kumi huanza kupishana, na kupishana huko ndiko wakili wa mshitakiwa atakakoshika.

MUHALI NA SULHU

Sasa muhali. Muhali si tabia mbaya kwa asili yake. Ni ile hisia ya kuona uzito kumkosea mtu mwenye haki nawe, jamaa, jirani, mtu mliyezikana na kuozana, na ndiyo iliyowafanya watu wa Visiwa hivi waishi karibu karibu bila ya kugombana kila siku. Lakini muhali ni haki baina ya watu wazima wanaoweza kusameheana. Mtoto hakuwekwa katika hesabu hiyo. Anayesamehe kwa niaba yake hakuumizwa yeye.

Kwa kawaida jambo huenda hivi. Mtoto wa miaka tisa anamwambia mama yake. Mama anamwambia dada yake. Usiku huo huo wazee wa pande mbili wanakutana, kwani aliyetenda ni mtoto wa ami. Mmoja anasema aibu hii ikitoka msichana hataolewa. Wa pili anasema kijana atafungwa na mama yake ni mgonjwa wa moyo. Wa tatu, aliye mkubwa kwa umri, anasema mambo ya ndani yamalizwe ndani. Zinatolewa fedha, au mbuzi, au ahadi kwamba kijana atapelekwa Dar es Salaam. Mtoto anaogeshwa, nguo zinafuliwa. Asubuhi ushahidi umekwisha kwenda na maji ya povu, na kijana, akirudi baada ya miezi mitatu, anakuta watoto wengine wamekua.

Wakati mwengine sulhu huchukua sura ya ndoa: msichana aliyebakwa au aliyepewa mimba huozwa yule yule aliyemtenda, ili aibu ifunikwe. Ndoa haifuti kosa la jinai lililokwisha kutendeka. Na akiwa msichana ni mwanafunzi, hilo ni kosa jengine, kwa kuwa Sheria ya Elimu Namba 6 ya 1982 inakataza mwanafunzi kuoa au kuolewa kabla ya kumaliza elimu ya lazima. Msichana aliyejifungua, hapa Zanzibar, anaruhusiwa kurudi skuli kuendelea na masomo yake, na mwalimu mkuu anayemkataa hana ruhusa hiyo.

Inafaa wananchi wafahamu kwamba shauri la jinai, likishafunguliwa, si mali ya familia. Mashitaka ni ya Serikali kupitia Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashitaka. Mzazi hawezi kwenda kituoni akasema "tumeshapatana, nataka kesi yangu". Anachoweza ni kuidhoofisha: kumficha mtoto kisiwa cha pili, kutokwenda siku ya ushahidi, kumfundisha mtoto aseme hakumbuki. Hayo hutokea, na mahakama isiyo na shahidi haina la kufanya ila kumwachia mshitakiwa. Kisha watu hao hao husema vibarazani kwamba mahakama zinawaachia wabakaji.

Haitakuwa insafu kuwalaumu wazazi peke yao. Zipo sababu nyengine za mtu kuchoka: nauli ya kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa, siku ya kazi inayopotea, kauli za ukali zinazosikika mapokezini. Mtumishi wa Serikali anayemwambia mama aliyeleta mtoto wake "njoo kesho" naye ameingia katika orodha ya waliolizima shauri hilo, hata kama hakupokea senti ya mtu. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinaelezwa kwa urefu, ili mwananchi ajue anachostahiki kutendewa na mtumishi ajue anachotakiwa kutenda.

SAA ZA MWANZO

Mtoto akiwa amedhalilishwa kijinsia, asikogeshwe. Asibadilishwe nguo, na kama zimekwisha kubadilishwa, zisifuliwe, zikunjwe katika karatasi au kitambaa kikavu, zisitiwe katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia ndani unyevu unaoharibu vielelezo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kukinga maambukizo ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba kwa msichana aliyebaleghe nayo ina muda wake. Familia inayokaa kikao cha siku tatu ili kuamua iende au isiende, hata ikiamua kwenda, imekwisha kumkosesha mtoto dawa hizo.

Pahala pa kwenda ni Kituo cha Mkono kwa Mkono. Kituo cha kwanza kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na baadaye vikafunguliwa vyengine Unguja na Pemba, vikiwamo vya Makunduchi na Kivunge, na vya Chake Chake na Wete. Maana ya jina lake ni kwamba mtoto hukabidhiwa kutoka mkono mmoja hadi mwengine ndani ya pahala pamoja: daktari wa kumchunguza na kumtibu, askari wa kuandika maelezo, na mshauri wa kumtuliza yeye na mzazi wake. Kabla ya vituo hivi, mama alikuwa akianza Polisi kuchukua fomu namba 3, akaenda hospitali, akarudi Polisi, akaenda ustawi wa jamii, na kila pahala akaeleza upya mbele ya watu waliopanga foleni. Huduma za kituo hazitozwi malipo. Akidaiwa mtu fedha, na akatae, kisha apeleke malalamiko kwa mkuu wa hospitali au wilayani.

Aliye mbali na kituo aanzie kituo cha afya kilicho karibu, au kituo cha Polisi, ambako aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Jeraha la hatari litibiwe kwanza, karatasi zifuate. Anayemshuku mtu asimfuate kumkabili wala kumpiga: atakimbia, au ataharibu vielelezo, au kesi itageuka ya shambulio na mshitakiwa akawa ni baba wa mtoto.

Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya 2018 imeyaweka makosa makubwa ya udhalilishaji, ukiwamo ubakaji, katika orodha ya makosa ambayo mtuhumiwa hapewi dhamana. Mwananchi akimwona mtuhumiwa wa kosa hilo yuko mitaani siku ya pili, ana haki ya kuuliza kituoni kwa nini, na apewe jibu. Na mtoto akiitwa kutoa ushahidi, mzazi amtayarishe kwa kumwambia pahala palivyo na watu atakaowakuta, asimfundishe la kusema.

MASHAURI YA UTELEKEZAJI, NA MSAADA MWENGINE

Kwa mtoto aliyetelekezwa, mlango wa kwanza ni sheha, na kutoka kwa sheha ni ofisi ya wilaya, kwa ofisa ustawi wa jamii au ofisa anayeshughulikia wanawake na watoto, ambao wako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Ofisa huitembelea nyumba, huwaita wazazi, na mara nyingi jambo humalizika hapo kwa baba kukubali kiwango cha matunzo na kukiandikia. Hapa sulhu ni njema, na inatakiwa, maana lengo ni mtoto apate haki yake bila ya kuvunja ukoo. Anayedharau makubaliano hayo hupelekwa mahakamani. Waislamu huweza kupeleka madai ya matunzo na hidhana kwa Kadhi, na Mahakama ya Watoto iko kwa mashauri yanayoihusu. Anayekwenda achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi ya talaka kama ipo, na hesabu ya matumizi aliyoyaandika hata kwa kalamu ya risasi. Hesabu ya miezi mitatu iliyoandikwa siku kwa siku humsaidia Kadhi kuliko kilio.

Mtoto ambaye nyumbani kwake si salama kabisa hutafutiwa kwanza jamaa wa kumlea, na nyumba za kulelea watoto, kama ile ya Serikali iliyoko Mazizini, huwa ni hatua ya mwisho. Mtu asimchukue mtoto wa mwenzake kwa huruma yake tu bila ya kumjulisha sheha na ofisa wa ustawi. Hata nia ikiwa safi, inaweza kumletea matatizo.

Asiyejua pa kuanzia, au anayeona haya kuonekana akiingia ofisi, apige simu namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto. Haikatwi fedha, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa jambo la dharura, Polisi hupatikana kwa namba 112. Kwa ushauri wa sheria, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar huwasaidia wasio na uwezo, na wako wasaidizi wa sheria vijijini Unguja na Pemba.

Jambo moja jipya linataka onyo. Siku hizi tukio likitokea, picha ya mtoto, jina lake au sauti yake ikieleza yaliyomfika huzunguka katika simu kabla ya daktari kumwona. Wanaozisambaza hudai wanatafuta haki. Mtoto huyo atakua, atasoma, ataolewa au ataoa, na picha ile itakuwa ingalipo. Picha ya utupu ya mtoto, kwa nia yoyote iwayo, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nayo hutumika Zanzibar pia. Aliyeletewa picha ya namna hiyo asiipeleke mbele, aioneshe Polisi.

KWA WATUMISHI WA SERIKALI

Walimu wakuu wanakumbushwa kwamba kosa la mwalimu dhidi ya mwanafunzi halimalizwi kwa kumhamisha mwalimu skuli. Uhamisho humpelekea mtu huyo watoto wengine. Wauguzi na madaktari wanapoona jeraha lisilolingana na maelezo waandike walichokiona kwa maneno yao, kwa wino, wakati huo huo, na watoe taarifa, hata mzazi akiomba isitolewe. Masheha hawana mamlaka ya kusuluhisha ubakaji, ulawiti wala shambulio la aibu kwa mtoto; karatasi ya mapatano ya namna hiyo iliyogongwa muhuri wa sheha inaweza kumrejea mwenyewe kama kielelezo. Walimu wa vyuo vya Kurani, ambao wazee huwaamini kuliko wote, wasikae na mtoto mmoja peke yake katika chumba kilichofungwa, na darasa lifundishwe mlango ukiwa wazi, jambo ambalo linamlinda mwalimu mwema na uzushi kama linavyomlinda mtoto.

Maofisa wote wanaopokea taarifa wanatakiwa waziandike katika daftari siku ile ile, wampe mtoa taarifa jina la ofisa atakayelishughulikia shauri na siku ya kurudi, na wasilitaje jina la mtoto wala la mtoa taarifa nje ya ofisi. Mtoa taarifa ambaye hakuridhika na ofisi ya wilaya ana ruhusa ya kupeleka shauri lake moja kwa moja Wizarani, kwa maandishi au kwa kufika mwenyewe, na hahitaji barua ya sheha ili apokewe.